Shimo Lililo Nyuma ya Nyumba ya Mkwe

Thadeus Obwocha alikuwa na pua ambayo mkewe alisema ingefaa iandikwe kazi peke yake. Akisimama asubuhi penye mdomo wa bomba, pale maji machafu ya mji mzima yalipomwagikia bwawa la kwanza, alijua bila kuuliza kwamba hospitali imeosha sakafu, kwamba hoteli ya karibu na stendi imepika matumbo, na kwamba machinjio yamechinja ng'ombe watatu badala ya wawili. Watu walimcheka kwa kazi hiyo. Sokoni wanawake walimwachia nafasi pana kuliko aliyohitaji, naye alinunua nyanya zake bila kusukumana na mtu.

Mji wenyewe siutaji. Uko kati ya Keroka na Nyansiongo, wenyewe wanaujua, na baadhi yao wanapenda kesi.

Mtu wa mjini akishavuta mnyororo wa choo husema maji yamekwenda. Yamekwenda wapi, haulizi. Basi mimi namjibu: yalikuwa yakienda kwa Thadeus.

Alizaliwa Ikonge, kwa mama aliyelima wimbi na pareto, akasoma mpaka darasa la nane. Kisha akateremka Nyansiongo kuosha madebe ya maziwa katika shamba la Mzungu. Huko, kwa bidii ya kijana anayetaka kusifiwa, siku moja alimwaga magadi makali kupita kiasi kwenye mtaro wa kuoshea. Shimo lililopokea maji yale, ambalo kwa kawaida halikusumbua mtu, likanuka majuma matatu mfululizo mpaka ng'ombe wakakataa kukamuliwa upande ule. Mzungu alimwambia kwamba ndani ya shimo mna vijidudu vinavyokula uchafu, na yeye ameviua vyote kwa siku moja. Thadeus hakulisahau neno hilo. Uhuru ulikuja, Mzungu akaondoka, shamba likakatwa vipande, lakini yule kijana alibaki akijua jambo ambalo watu wengi wa umri wake hawakulijua: uchafu una wafanyakazi wake, nao wafanyakazi hao hufa.

Baraza la mji lilipochimba mabwawa matatu mwaka wa 1971, lilitafuta mtu asiyeona kinyaa, likampata yeye. Likampeleka Nairobi miezi sita kusomea. Aliporudi aliyalea mabwawa yale kama mtu anavyolea maziwa yaliyo kwenye kibuyu, akiyachungulia asubuhi na jioni aone kama yanashika. Bwawa la kwanza lilikuwa jeusi na la kina kirefu. La pili lilikuwa kijani, na ndilo alilolipenda. La tatu lilikuwa safi kiasi cha bata mwitu kutua. Kutoka hapo maji yaliingia mtoni, na chini kidogo, penye kivuko, watu wa bondeni walichota maji ya kupikia na kunywa.

Mwaka wa 1974 zikatoka sheria ndogo za baraza kuhusu maji ya viwanda. Thadeus alikikariri kijitabu chake chote. Kwa maneno mengi ya kiwakili kilisema jambo fupi. Choo cha nyumbani kinaruhusiwa kuunganishwa na bomba la mji moja kwa moja. Lakini machinjio, gereji, kiwanda cha sabuni au cha ngozi, kila mmoja ayasafishe maji yake kwanza, kwake, katika mashimo yake mwenyewe. Mafuta yabaki kwake, nywele zibaki kwake, chokaa ya kunyonyolea ngozi ibaki kwake. Na kila baada ya miezi mitatu ofisa aliyeteuliwa kwa barua afike, afunue kifuniko, aone kwa macho yake, ndipo atie sahihi. Ofisa huyo aliyeteuliwa alikuwa mmoja tu katika mji mzima, naye mnamjua.

Sasa hapa ndipo penye mkasa. Kiwanda cha ngozi cha mji ule kilikuwa cha mzee Manasseh, mzee wa kanisa la Wasabato, mtu wa koti zito hata wakati wa jua, aliyeanza na baiskeli moja akinunua ngozi mbichi huko Keroka na sasa alikuwa ameajiri watu kumi na mmoja. Manasseh alikuwa na binti aitwaye Tryphosa. Na Tryphosa alikuwa mke wa Thadeus, mama wa mtoto wao Mokeira.

Wageni wanaofika kwetu hudhani heshima ni salamu. Abagusii, wenyeji wa Kisii, wana kitu wanachokiita chinsoni, nacho ni heshima na haya vilivyosokotwa pamoja, visivyotengana. Mkwe na baba mkwe hawatazamani usoni sana. Hawaogi mto mmoja wakaonana. Mkwe haendi nyuma ya nyumba ya baba mkwe, kwa sababu huko nyuma ndiko kuliko choo na mahali pa kuogea, na kitu chochote kinachotoka mwilini mwa mzee huyo hakitajwi mbele ya mkwe wala mkwe hakioni. Atakayevunja haya hizo amejivua ukwe kwa mkono wake, na mke ana haki ya kurudi kwao. Si kwamba kuna askari wa kumkamata. Ni kwamba hakuna atakayemwangalia tena kama mtu mzima.

Na shimo la kusafishia maji ya kiwanda cha Manasseh lilikuwa nyuma ya nyumba yake. Ploti ilikuwa moja, nyumba mbele, kiwanda ubavuni, na bomba la ngozi lilikutana na bomba la choo cha mzee kabla ya kutoka nje.

Kwa hiyo Thadeus alifanyaje? Alifanya kile ambacho mimi na wewe, tukiwa wakwe wazuri, tungefanya. Kila miezi mitatu alivaa shati safi, akafika langoni, akasimama. Manasseh alitoka, wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua na za mtoto. Kisha mzee alitazama juu ya paa na kusema, "Kule kuko sawa." Thadeus alitazama viatu vyake na kumwitikia kama baba yake, "Asante, tata." Akaandika kwenye fomu: *Limekaguliwa, liko sawa.* Mara nane aliandika hivyo. Hakuna aliyemhonga, hakuna aliyemtisha. Heshima peke yake ilimfanya mwongo, na hakujiona mwongo hata kidogo.

Machi ya mwaka wa 1976, bwawa la pili likabadilika rangi.

Kwanza kijani kilififia. Baada ya siku mbili maji yakawa ya kijivu, na juu yake povu la kahawia likatambaa ukingoni. Siku ya nne harufu ilipanda mpaka shule ya msingi wakafunga madirisha. Bata hawakuonekana tena. Thadeus alizunguka kingo zile akiwa na fimbo ndefu ya kupimia tope, bila kuichovya, kwa maana pua yake ilikuwa imekwisha kumwambia asichotaka kusikia. Ilikuwa harufu ya chokaa na ya nywele zinazooza.

Siku ya tano mama mmoja wa bondeni, Bathsheba, aliingia ofisi ya karani wa mji akiwa na debe kichwani. Hakubisha hodi. Alilitua juu ya meza, juu ya karatasi, maji yakamwagika kidogo kwenye kitabu cha wino.

"Hayo ndiyo maji tunayochota kwenye kivuko," alisema. "Mtoto wangu ametoka malengelenge mdomoni. Karani, nataka unywe."

Karani wa mji, bwana Nehemiah, alikuwa mtu mpole, mwenye miwani. Aliyatazama yale maji, akamtazama Thadeus aliyekuwa amesimama karibu na kabati. Hakuna aliyekunywa. Bathsheba aliliacha debe palepale, akaondoka, na kwa siku nzima hakuna mtu aliyethubutu kuliondoa.

Mchana huo ikaja barua ya wizara ya maji, ambako malalamiko yalikuwa yamekwisha kufika. Mtu wa maji angefika Jumatatu ya pili kuchukua sampuli. Kama maji yanayoingia mtoni hayangekuwa yameanza kupona, na kama chanzo chake hakingekuwa kimefungwa, bomba la mji lingezibwa na aliyetia sahihi kwenye fomu za ukaguzi angepelekwa kortini Kisii.

"Siku kumi," Nehemiah alisema. "Tafuta, bwana Obwocha. Anzia chini, panda juu."

Alianza. Alibeba nyundo, ndoano ya kuinulia vifuniko, na karatasi nyekundu zilizokatwa vipande vidogo, zile zinazogeuka buluu zikigusa maji yenye chokaa. Bomba la mji lilikuwa na vifuniko vya chuma kila baada ya hatua hamsini. Alifunua cha kwanza, akachovya, karatasi ikawa buluu. Cha pili, buluu. Watu walikusanyika kumtazama, mikono puani, wakimtania aseme leo mji umekula nini. Siku nyingine angewajibu. Siku hiyo aliinama kufunua cha tatu.

Penye njia panda bomba liligawanyika. Upande mmoja ulikwenda machinjioni kwa Gulled, mfanyabiashara wa mifugo ambaye babake alikuja kutoka kaskazini zamani za reli. Upande wa pili ulipanda kilimani, na huko kulikuwa na mteja mmoja tu. Thadeus aliombea kosa liwe la Gulled. Aliomba kabisa, kwa maneno, midomo ikicheza, na mimi simlaumu.

Gulled alimpokea kwenye lango la machinjio na kofia yake nyeupe. Hakungoja kuulizwa. Alishika kifuniko cha shimo lake la mafuta akakiinua mwenyewe.

"Ona, bwana Obwocha. Jana vijana wamesafisha. Mafuta iko kwa pipa ile. Damu iko kwa shimo ile ingine. Chovya karatasi yako."

Thadeus alichovya. Karatasi ikabaki nyekundu.

"Mwaka jana ulinifunulia mara nne," Gulled alisema kwa sauti ya chini. "Sikukasirika. Sheria ni sheria, na mimi hapa kila siku naitwa mgeni hata kama nimezaliwa kwa hii mji. Lakini nikuulize kitu moja tu. Kwa mzee Manasseh umefunua mara ngapi?"

Thadeus aliikunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Gulled alirudisha kifuniko polepole, akapangusa mikono yake. Thadeus alitamani angemtukana.

Alipanda upande wa pili. Kifuniko cha kwanza baada ya njia panda: karatasi ikawa buluu iliyokolea kabla hajahesabu mbili, na kwenye ukuta wa shimo nywele za ng'ombe zilikuwa zimening'inia vishungi vishungi. Juu ya hapo kulikuwa na nyumba moja tu yenye bomba. Aliketi chini kwenye nyasi, ndoano mapajani. Aliogopa kama hajawahi kuogopa.

Alirudi kwa karani. Aliomba atumwe mtu mwingine, bwana afya wa mji jirani, yeyote. Nehemiah alivua miwani.

"Nimeshampigia simu. Hawezi mpaka mwezi ujao. Na sheria inataka ofisa wa baraza hili, kwa barua. Barua ina jina lako." Kisha akahamia Ekegusii, lugha ya kwao, sauti ikashuka. "Mimi pia nina baba mkwe. Najua ninachokuomba. Lakini ukikataa, Jumatatu nitampa mtu wa wizara zile fomu nane, na zina sahihi ya nani?"

Nyumbani aliisimamisha ndoano nyuma ya mlango. Alikula nusu, akasukuma sahani. Tryphosa alikuwa akikata mboga kwa ajili ya kesho, Mokeira akichezea maganda ya ndizi miguuni pake.

"Baba Mokeira," alisema bila kuinua macho, "mji mzima unajua umefika mpaka wapi na ile ndoano yako. Mimi ndiye wa mwisho kuambiwa?"

Akamweleza. Aliyazungusha maneno ili asitaje kisichotajwa, kwa maana hata binti hasemi mambo ya choo cha babake. Tryphosa alielewa yote.

"Ukipita nyuma ya nyumba ya baba," alisema, "ataniita. Akiniita nitakwenda. Siwezi kukaa na mwanamume aliyemvua baba yangu nguo mbele ya watu, hata nikikupenda. Ndivyo nilivyolelewa."

"Na wale wanaochota kwenye kivuko?"

Kisu kilisimama. "Usiniulize hilo," alisema, na machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke juu ya mboga.

Siku tatu zilipita. Kila asubuhi Thadeus alishuka kwenye mabwawa akitumaini muujiza, na kila asubuhi ule ukijivu ulikuwa umesogea. Ijumaa ulifika bwawa la tatu. Aliinama akachota maji ya mdomo wa kutokea, akayanusa, akayatazama yakiteremka kuelekea kivukoni ambako wanawake wawili walikuwa wanachota. Aliwapigia kelele waache. Waliinua mikono kumsalimia, wakaendelea kuchota, kwa kuwa hawakuwa na maji mengine.

Hapo akapiga moyo konde. Alivaa shati safi, kama kawaida yake, lakini safari hii alichukua ndoano.

Manasseh alitoka mpaka langoni na koti lake. Ilikuwa saa nne asubuhi. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wakitandaza ngozi juani, na wote waliona ile ndoano kabla hawajamwona aliyeishika.

"Bwakire, tata," Thadeus alimwamkia.

"Bwakire buya. Mvua imechelewa."

"Imechelewa, tata."

"Mokeira hajambo?"

"Hajambo. Anawasalimu."

Mzee alitazama juu ya paa. Ilikuwa zamu yake kusema yale maneno, naye aliyasema, ila yalitoka taratibu kuliko siku zote. "Kule kuko sawa."

Kalamu ilikuwa mfukoni. Fomu ilikuwa mkononi. Kwa kitambo kirefu Thadeus alidhani mkono wake utaandika wenyewe, kama ulivyoandika mara nane. Wafanyakazi walikuwa wameacha kazi.

"Tata," alisema, akaishusha fomu. "Tata, leo sikuja kama mkwe."

Manasseh alimtazama usoni. Katika miaka saba ya ndoa ile, ilikuwa mara ya kwanza.

"Yule mkwe umemwacha wapi?" aliuliza.

Thadeus alitoa barua ya uteuzi na kijitabu cha sheria, akavishika kifuani mwake, akasoma kifungu kile kwa Kiswahili cha ofisi, mstari kwa mstari. Alitumia Kiswahili kwa makusudi. Kwa Ekegusii asingeweza kuyasema maneno yale kwa baba wa mke wake, na mzee, ambaye alikielewa Kiswahili vizuri, alilijua hilo. Alipomaliza kusoma, Manasseh aligeuka akalipa lango mgongo. Hakumruhusu wala hakumzuia.

Thadeus alipita. Alipita ubavuni mwa nyumba, akapita bafu la mabati, akapita choo, macho yakiwa yameganda kwenye kifuniko kilichokuwa mbele yake. Fundi mkuu wa kiwanda, Obadiah, alimfuata hatua kumi nyuma, kwa kuwa sheria ilitaka shahidi. Thadeus aliingiza ndoano, akavuta.

Shimo lilikuwa kavu. Buibui walikuwa wamefuma humo. Ufa ulikuwa umepasua ukuta kutoka juu mpaka chini, upana wa kiganja, na ubavuni palikuwa na bomba lililozungushwa kupita kando, likitoa chokaa, nywele na maji ya magome ya miwati ya kutengenezea ngozi moja kwa moja mpaka kwenye bomba la mji.

"Tangu lini?" Thadeus aliuliza.

"Lilipasuka mwezi wa kwanza tu baada ya kujengwa," Obadiah alisema. "Mwanzoni ngozi zilikuwa chache. Mwaka huu tumeongeza mapipa ya chokaa. Mzee alisema atakwambia wewe, utajua la kufanya."

"Mbona hakuniambia?"

Obadiah alimkodolea macho kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Angekwambiaje?" alisema. "Wewe si mkwe wake?"

Thadeus aliketi ukingoni mwa lile shimo. Miaka miwili yeye alinyamaza kwa kumheshimu mzee, na mzee alinyamaza kwa kumheshimu yeye, na katikati ya heshima zao mbili mto ulikuwa umeoza. Alitaka kucheka na alitaka kulia. Badala yake aliandika. Aliandika hali ya shimo, akaandika amri ya kufunga, kisha akaongeza chini, kwa mkono wake, bila kulazimishwa na mtu: *Ukaguzi wa mara nane zilizopita ulifanyiwa langoni. Sikufunua.* Akatia sahihi. Kabla ya adhuhuri lile bomba lilikuwa limezibwa kwa saruji.

Alipofika nyumbani Tryphosa alikuwa amefunga mtandio, Mokeira mgongoni. Ujumbe wa babake ulikuwa umetangulia.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona."

Alishika kikapu chake, akatoka. Thadeus alisimama mlangoni mpaka wakapotea penye kona, na ingawa alikuwa mtu mzima mwenye barua ya serikali mfukoni, alilia kwa sauti.

Mtu wa wizara alikuja Jumatatu. Alikuta bomba la kiwanda limezibwa na bwawa la pili limeanza kuonyesha kijani chembamba upande wa upepo. Aliisoma ile fomu ya mwisho mara mbili, akamwuliza Thadeus kwa nini ukaguzi ulifanyiwa langoni. Thadeus alimweleza. Yule alikuwa mtu wa kwingine, akatikisa kichwa. Kortini hakumpeleka. Alimwachia barua kali ya onyo, akasema baraza halina mtu mwingine anayeyajua mabwawa yale. Manasseh alipewa miezi mitatu kujenga upya, la sivyo kiwanda kisifunguliwe.

Miezi hiyo ilikuwa mirefu. Thadeus alijipikia, akaunguza. Kanisani aliketi nyuma, na watu wa ukoo wa Manasseh walihama benchi. Vijana wa stendi walimpa jina ambalo siliandiki. Bwawa lilirudi kuwa kijani, bata wakarudi, Bathsheba akaja siku moja na mkungu wa ndizi akauweka ukingoni. Thadeus alimshukuru, na ndizi zile zikaivia ndani ya nyumba tupu mpaka zikaoza.

Mwishoni mwa Juni karani alimkabidhi karatasi. Mashimo ya Manasseh yalikuwa tayari, yamejazwa maji ya mapipa machache ya ngozi kwa majaribio, na sheria ilidai yakaguliwe kabla kiwanda hakijafunguliwa. Ofisa alikuwa bado mmoja tu.

Alipanda kilima na ndoano yake. Safari hii hakuwa na ukwe wa kupoteza, alijiambia, lakini bado alipunguza hatua kila alipofikiria lile bafu la mabati na ule mlango wa choo. Alipokata kona ya mwisho alisimama ghafla.

Ua wa mbele wa mzee Manasseh haukuwapo. Ile bustani ya maua aliyoisifu kila mgeni wa kanisa, kati ya baraza la nyumba na barabara, ilikuwa imefukuliwa yote. Mahali pake palikuwa na mashimo matatu ya saruji mpya, yamepangwa moja baada ya jingine nje ya lango, vifuniko vyake juu, kando ya barabara kuu. Bomba jipya lilitoka kiwandani likapita mbele, peke yake, bila kukutana na la choo mahali popote. Harufu ya chokaa ilikuwa inaingia moja kwa moja kwenye baraza ambapo mzee alipokea wachungaji na wazee wenzake. Wapita njia waliziba pua na kucheka.

Obadiah alikuwa amesimama kando na koleo.

"Tulimwambia nyuma kuna nafasi, na gharama ni nusu," alisema. "Alikataa. Alisema mkwe wake lazima aweze kufika."

Thadeus alitazama barazani. Manasseh alikuwa ameketi pale na koti lake zito. Kiti chake alikuwa amekigeuza, ameupa mgongo ule uvundo na yule aliyekuja kuukagua.

"Bwairire, tata," Thadeus alimsalimu kutoka barabarani, kwa Ekegusii.

Mzee alilikaza koti lake.

"Bwairire buya, baba Mokeira," alijibu bila kugeuka. "Funua, uone."

Alifunua cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipiga magoti akatazama vizuri, akachovya karatasi yake katika shimo la mwisho, akaingoja mpaka mwisho, macho yakimjaa maji hata asione vizuri rangi. Ilimbidi aombe mtu amsomee. Aliyeisoma alikuwa Tryphosa, aliyekuwa ametoka langoni na kikapu chake mkononi na mtoto mgongoni.

"Bado ni nyekundu," alimwambia. "Tia sahihi, twende nyumbani."